Mwendo wa Kalunde

1

Siku ya pili ya matanga ya Kalunde, Mhando alichelewa makusudi. Mtani anayewahi msibani, alikuwa akisema, kafuata ubwabwa. Alisubiri mpaka wali uive na wanawake wachoke kulia, ndipo akaingia uani kwa kishindo, kajifunga kanga ya marehemu kiunoni, kabeba ndoo tupu kichwani.

"Wanyamwezi!" alipiga kelele. "Miaka yote mmewabebea watu mizigo, leo mnashindwa kubeba kisanduku hiki kidogo? Mpaka aitwe Mzigua?"

Kisanduku chenyewe kilikuwa juu ya meza, cheupe, cha plastiki, chenye nembo ya Kiwanda cha Chachu. Ndani yake mlikuwa na majivu; mwili Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuuchoma. Ndicho kilichorudi kambini baada ya Kalunde kuingia kusafisha tangi la tano na kutotoka.

Nyanzala, mdogo wake marehemu, alikuwa mkekani, hajaonja kitu tangu taarifa ilipofika. Aliinua uso. "Mtumwa wangu umekuja," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilidhani umekimbia kazi."

"Nikimbilie wapi, na dada yako kaniachia ndoo yake?"

Hivyo ndivyo utani ulivyo katika Kambi ya Bombani, kama ulivyokuwa kwa bibi na babu zao huko tambarare kabla joto halijawafukuza. Mzigua akifiwa, Mnyamwezi huja kumsumbua. Mnyamwezi akifiwa, Mzigua ndiye anayechimba kaburi, anayezuia jeneza lisipite, anayemwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, wasije wakamfuata. Hakuna wa kumkatalia.

Basi Mhando akaanza kutembea. Mguu wa kushoto, ule alioumia Kalunde utotoni, aliutupa kwa nje. Kiuno kikaukimbilia kuufidia. Kisigino cha kulia kikatua kwa nguvu, kwa maringo ya mwanamke asiyetaka kuonewa huruma, halafu kikaja kile kisimamo chake cha ghafla, kama mtu aliyekumbuka kaacha sufuria motoni. Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Wanawake walicheka machozi yakiwatoka, na Nyanzala akaficha uso kwenye upande wa kanga, mabega yakimtikisika, asijue mwenyewe kama analia au anacheka.

"Tena, Babu Mhando!" alisema Kabula, binti wa Kalunde, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa hayajaota upya. Tangu mama yake afe mtoto huyo hakuwa amefungua kinywa. "Tena!"

Nani angemnyima? Mhando akaenda tena, safari hii mpaka kwenye geti la ua na kurudi, juani, chini ya mlingoti wenye jicho la Uhamiaji.

Watu wamemlaumu sana kwa hilo, na waliomlaumu zaidi ni wale waliocheka zaidi. Mimi namwelewa. Kwa miaka Mhando alikuwa akifundisha watu kutembea, ndani ya stoo, magunia yamezibwa madirishani, mlinzi mlangoni. Hiyo ilikuwa kazi, na kazini alikuwa mwangalifu kuliko paka. Utani si kazi. Mtu akiwa katika utani haangalii juu.

2

Katika Ukanda wa Baridi, huko milimani ambako binadamu bado aliweza kulala mchana bila kufa kwa joto, hapakuwa na vitambulisho. Vilighushiwa vyote. Vidole vilisuguliwa kwa tindikali mpaka vikawa laini, nyuso zikavalishwa nyuso nyingine. Mwishowe Ukanda ukategemea macho yanayosoma mwendo: nyonga inavyopanda, goti linavyokunjwa, muda unaopita kati ya hatua na hatua. Juu ya kila lango paliandikwa kwa herufi kubwa: MWENDO HAUGHUSHIKI.

Karibu nusu ya Kambi ya Bombani ilikuwa imeughushi. Mtu aliyesajiliwa akiugua, au akichoka na kurudi chini kwao, mwendo wake ulirithiwa na mwingine asiyekuwa na ruhusa. Waliitana deiwaka, kama madereva wa zamani waliopokezana gari la tajiri. Nyanzala mwenyewe, aliyewahi kukamatwa na kuteremshwa, sasa alitembea kwa miguu ya mama mmoja aliyekwenda kufia kwao. Aliyemfundisha ni Mhando. Aliyewafundisha wote ni Mhando.

Asubuhi iliyofuata, kabla maturubai hayajakunjwa, afisa wa Uhamiaji aliingia uani. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Kyejo, sare imepigwa pasi, mkononi kioo cha kazi kinachoonyesha taarifa za macho yote. Nyuma yake alikuja Luvanda, mnyapara wa matangi.

"Nani anamlea mtoto Kabula?" aliuliza Kyejo.

"Mimi," alisema Nyanzala bila kuinuka. Akiinuka angelazimika kutembea.

"Pole na yote, lakini ile haki ya yatima imefutwa. Kalunde Mihayo alionekana jana alasiri akitembea hapa uani. Mara mbili. Jicho halina shaka naye."

Nyanzala alionyesha meza kwa kidole. "Dada yangu yumo kwenye kile kisanduku."

"Majivu hayana mwendo, mama."

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, ndiyo maana iliuma. Mfanyakazi akifia kazini, hata kama ni wa tambarare, mtoto wake hukaa Ukanda mpaka awe mtu mzima. Watu waligoma na kupigwa kwa ajili ya sheria hiyo. Lakini wengine wakaanza kujifanya wamekufa ili watoto wao wabaki, kwa hiyo kikaongezwa kifungu: mpaka arobaini ya marehemu ipite, jicho lolote lisimwone. Akionekana, kifo ni uongo, mzazi ni mtoro, mtoto anateremshwa.

"Lori la kuteremka ni Ijumaa," alisema Kyejo.

"Huko chini ni kiangazi!" Nyanzala alipiga kelele. "Watoto wanakauka huko! Unajua?"

"Najua," alijibu Kyejo, na kwa namna alivyotazama viatu vyake, alijua. "Na matanga haya yavunjwe. Kumlilia mtu aliye hai ni kushiriki udanganyifu."

Mhando alikuwa kasimama kando ya sufuria za jana. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kabula alimtazama, na hakuelewa kitu bado, na hilo ndilo lililomchoma Mhando kuliko maneno yote ya afisa.

3

Alimfuata Kyejo ofisini siku hiyo hiyo. Alitembea kwa mwendo wake mwenyewe, ule wa mfagiaji barabara aliyesajiliwa, mzito kidogo, vidole vya miguu vimetazama nje.

"Afisa, Kalunde amekufa," alisema. "Muulize mtu yeyote."

"Nimewauliza macho, mzee."

"Uliza tangi, basi. Ile hewa ya chachu hukaa chini, haionekani, hainuki. Feni ilikuwa imeharibika. Kalunde alizimia. Na lile jicho la ndani ya tangi huhesabu watu kwa mwendo wao. Aliyezimia hatembei, kwa hiyo jicho likasema tangi ni tupu. Maji ya moto yakafunguliwa." Alishusha sauti. "Tulimsikia akizinduka, hata sisi tuliokuwa barabarani."

Kyejo aliweka kioo chake mezani kifudifudi.

"Kaka yangu alikuwa akisafisha tangi hilo hilo," alisema. "Alidai feni mpya. Aligoma na wenzake wote, watu wa hapa hapa Ukanda. Kiwanda hakikununua feni. Kikawachukua nyinyi. Hamkudai chochote."

"Anayedai anateremshwa, afisa."

"Kwa hiyo kaka yangu amekaa nyumbani mpaka leo, na feni ni ile ile mbovu. Watu huku wanawachukia, na mimi sina jibu la kuwapa. Mnakubali kila kitu."

"Tulikuja kutafuta hewa," alisema Mhando. "Mtu anayetafuta hewa atakubali kila kitu. Lakini hatukujiajiri wenyewe. Kuna aliyefungua mlango wa nyuma, na huyo simwoni akipandishwa lori."

Kyejo alisogeza kiti karibu. "Nipe kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Kama kuna maelezo ya mwendo ule, nipe. Nitalipeleka jambo hili mbele, mtoto atabaki, na tangi litakaguliwa. Naapa."

Na maelezo yalikuwapo. Yalihitaji Mhando ainuke kwenye kiti na kuvuka chumba kwa hatua za Kalunde. Basi. Angemwokoa Kabula kabla chai ya afisa haijapoa. Aliweka mikono magotini ajiinue.

Dirishani zamu ilikuwa inabadilishana. Watu wa kambi walipita langoni mmoja mmoja chini ya yale maandishi makubwa. Alimwona Pazi, kijana wa watu aliyechelewa kujifunza, akitembea kwa nyonga za marehemu fundi bomba. Alimwona mama wa mapacha. Alimwona Nyanzala, kichwa juu, kwa miguu ya watu. Siku Ukanda utakapojua kwamba mwendo unafundishika, wote hao watawekwa kwenye lori pamoja na watoto wao, na malori yatakuwa mengi.

"Mzee? Ulikuwa mwendo wa nani?"

"Ulikuwa msiba, afisa," alisema Mhando. "Watu walikuwa wengi." Akakaa vizuri kwenye kiti, na akalia mbele ya mtu aliyeweza kuwa binti yake, bila kujificha.

Nje ya ofisi Luvanda alikuwa akimsubiri, akitafuna muwa.

"Mbona unajitesa?" alisema. "Mashine ikisema mtu yu hai, yu hai. Na aliye hai ana zamu. Kalunde akiingia langoni kesho saa moja, si mtoro tena, alipitiliza mapumziko tu. Mtoto wa mfanyakazi hateremshwi."

"Unajua amekufa. Wewe ndiye uliyefungua mfuniko ukamtoa."

"Najua mengi, Mzee Mhando. Najua pia kwamba hapo kiwandani hakuna tangi lililoua mtu, na kila mmoja analala vizuri." Alitema makapi ya muwa. "Ataingiaje, sijui. Wala sitaki kujua. Saa moja."

4

"Hapana," alisema Nyanzala.

Walikuwa chumbani kwa Kalunde, mlango umefungwa. Kabula alikuwa amelala kitandani, uso kaupa ukuta.

"Ni mpaka akue tu," alisema Mhando. "Nitaingia zamu yake kila siku. Yangu ya kufagia nitampa Pazi aifanye akitoka zamu yake, nimeshaongea naye."

"Nasema hapana. Nenda kamwonyeshe yule afisa ukweli. Mtoto akae kwa jina la mama yake aliyekufa kazini, aliyeuawa. Siyo kwa jina la mama mzima anayechapa kazi!"

"Na wewe? Utateremshwa pamoja na deiwaka wote wa kambi."

"Niteremshwe! Nimeshateremshwa, najua njia."

"Mama wa mapacha anaijua?"

Mikono ya Nyanzala ilikuwa ikikunja na kukunjua kanga ya marehemu, ile ile ya utani.

"Mtani," alisema hatimaye, taratibu, na utani haukuwamo kabisa. "Ukienda kesho, dada yangu hakufa. Unaelewa? Sina ruhusa ya kumlilia. Sina mahali pa kupeleka kisanduku hiki, maana humo hamna mtu. Feni haitatengenezwa, kwa sababu haikuua. Atakayefuata kuzimia humo atakuwa kauawa na wewe."

Mhando alijua kwamba kila neno lilikuwa kweli.

"Niambie basi nifanye nini," alisema. "Wewe ndiye mfiwa. Utakalosema nitafanya."

Nyanzala alimtazama mtoto kitandani, nywele zilizohitaji kusukwa, nyayo zilizojaa vumbi la uani.

"Usinifanye mimi ndiye niliyesema," alisema, akamtupia kanga.

5

Lango lilimpokea. Mwanga wa kijani uliwaka, na sauti laini ya mashine ikasema, "Karibu tena, Kalunde." Watu waliokuwa mbele na nyuma yake walitazama chini. Mzee mwenye ndevu za mvi, mguu wa kushoto ukitupwa nje, kiuno kikicheza: juzi waliucheka mwendo huo mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyecheka.

Luvanda alikuwa kwenye tangi la tano, kioo mkononi. Hakumtazama usoni.

"Umechelewa, Kalunde," alisema. Halafu akasoma kwa sauti ya kukariri. "Kufuatia taarifa isiyo sahihi ya ajali, mfanyakazi husika athibitishe kwamba tangi halina hitilafu. Itikia."

Feni juu ya mfuniko ilikuwa ikikwaruza na kusimama, ikikwaruza na kusimama.

"Itikia, mama. Mashine inasubiri."

"Halina," alisema Mhando. Neno hilo lilimtoka kwa urahisi, na kwa hilo alijichukia.

Akashuka kwa ngazi. Ndani palikuwa na giza la kahawia na harufu ya mkate uliochacha. Alianza kusugua kuta, na mara akaelewa jambo ambalo alilieleza ofisini kwa ufasaha lakini hakulijua mwilini: hawezi kupumzika. Akisimama, jicho litamsahau. Basi alisugua akizunguka, akizunguka akichechemea, mguu nje, kiuno, kisigino. Kichwa kilipoanza kuwa chepesi hakujua kama ni hewa ya chini au ni woga, na hakuthubutu kuinama kuchukua brashi iliyomponyoka. Alisugua kwa kanga. Alipofika kwenye kile kisimamo cha ghafla cha Kalunde, alikiruka. Ilimbidi akiruke. Mara ya kwanza tangu ampoteze, alimwogopa.

Mfuniko ulipofunguliwa alitoka akitapika. Luvanda alimpa maji, hata pole hakusema, na akaandika kwamba tangi ni safi.

6

Ijumaa lori liliondoka bila Kabula. Kyejo alisimama kando ya barabara akihesabu watoto waliopandishwa, na Kalunde alipompita akitoka kazini, afisa alimwangalia mvi zake, akayaangalia na macho mlingotini, akageuza uso. Kwake pia mambo yalikuwa yamekaa sawa kwenye kioo.

Kisanduku Nyanzala alikifukia chini ya kitanda, ndani ya chumba, bila dua ya sauti na bila mtani wa kuzuia mlango. Alikwenda kazini jioni hiyo hiyo.

Mhando alizoea. Macho yalikuwa yakimfuata Kalunde kutoka langoni mpaka kizingiti cha chumba chake, kwa hiyo alilazimika kutembea hivyo njia nzima, na njiani wakati mwingine alikutana na Pazi akifagia, mzito kidogo, vidole vya miguu vimetazama nje. Walisalimiana kwa kichwa. Mvua za kwanza zilipokuja, Pazi alikuwa anauweza mwendo ule vizuri sana.

Ilikuwa jioni ya mvua alipofika chumbani na kukuta mlango umerudishiwa. Ndani taa iliwaka; Nyanzala alikuwa zamuni. Kabula alikuwa macho, akimsikiliza akija, kama alivyokuwa akimsikiliza kila siku bila kusema kitu.

"Babu Mhando."

"Naam, mama."

"Usiingie hivyo."

Mhando alisimama. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango tayari.

"Kila siku nasikia ni yeye," alisema mtoto kutoka ndani. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu aliyefikiri jambo hilo muda mrefu na kuamua. "Halafu unaingia wewe. Sitaki tena. Ndani hamna jicho. Ingia kama wewe."

"Sawa," alisema Mhando. "Sawa, mama, umesema kweli."

Akausukuma mlango. Kizingiti kilikuwa kifupi, hatua moja tu. Aliinua mguu wa kulia, na nyonga ikaanza kwenda kule ilikozoea. Akaurudisha. Akaunyanyua wa kushoto, nao ukatupwa nje. Akaushusha tena. Alitazama chini vidole vyake vya miguu, vilivyolowa, na akajaribu kukumbuka vilikuwa vikitazama wapi.

Kabula alikuwa amekaa kitandani akimwangalia, anasubiri. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni.

"Nipe dakika," alisema Mhando.

Mtoto alimpa. Alisubiri, akasubiri tena, na Mhando bado alikuwa mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili, mguu mmoja juu. Mwishowe Kabula alishuka kitandani, akapita kando yake bila kumgusa, akaenda kulala kwa jirani.